Mtoto na acheze michezo mingi



Katika miji yetu wapo akina baba wenye haraka. Mtoto ana miaka minane, apiga mpira vizuri kidogo kuliko wenzake, na tayari baba amwona katika timu kubwa ya Ulaya. Tangu siku hiyo mtoto haruhusiwi tena kupanda mwembe, wala kuogelea, wala kuruka kamba pamoja na dada zake. Asubuhi mpira, jioni mpira. Ukimwuliza baba sababu, atakujibu: « Samaki mkunje angali mbichi. »

Methali hiyo ni ya kweli. Lakini samaki akikunjwa mahali pamoja kila siku, mwisho wake atakatika.

Tuutazame mwili wa mtoto. Mifupa yake haijakomaa. Karibu na ncha zake pana sehemu laini, na hapo ndipo mfupa unaporefukia. Mtoto akirudia mwendo ule ule mwaka mzima pasipo kupumzika, misuli huvuta mahali pale pale, na maumivu huanza chini ya goti au nyuma ya kisigino. Baba hudhani ni uvivu, humkaripia. Naye mtoto huficha maumivu yake, hata siku moja auchukie mchezo wenyewe. Ndiyo maana mwaka 2016 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilishauri kwamba, kwa michezo iliyo mingi, kijana asijifunge na mchezo mmoja kabla ya kutimiza miaka 15 au 16, tena apumzike siku moja au mbili kila juma.

Je, kijana huyo hatachelewa? Tuwatazame Waafrika wawili mashuhuri. Hakeem Olajuwon alizaliwa Lagos mwaka 1963. Katika ujana wake alikuwa mlinda mlango wa mpira wa miguu, akacheza pia mpira wa mikono. Mpira wa kikapu aliuanza akiwa na miaka 15 hivi. Alipofika Marekani, watu waliistaajabia miguu yake: mtu mrefu namna ile, naye ageuka upesi kama mtoto! Wepesi huo aliuleta kutoka uwanja wa mpira wa miguu, na timu yake ya Houston ikapata ubingwa mwaka 1994 na mwaka 1995. Hata ndugu yetu Dikembe Mutombo, aliyezaliwa Kinshasa mwaka 1966 na kufariki mwaka 2024, alicheza mpira wa miguu kabla ya kushika mpira wa kikapu. Baadaye alichaguliwa mara nne kuwa mlinzi bora wa ligi kubwa ya Marekani. Hawakupoteza wakati, bali waliweka akiba.

Kila mchezo waweka akiba yake mwilini. Mtoto akimbizanaye na wenzake ajifunza kusimama ghafla na kugeuka bila kuanguka. Arukaye kamba atia nguvu vifundo vya miguu na kuzoea kufuata mapigo. Apandaye mti akaza vidole na mabega, tena apima uzito wake kabla ya kuuamini mti. Adakaye mpira wa majani makavu ya mgomba apatanisha macho na mikono. Aogeleaye atawala pumzi yake. Lakini huyo asiingie majini pasipo mtu mzima wa kumwangalia.

Nasi tunao mwalimu hodari nyumbani, yaani nzango, mchezo wa wasichana wa Kongo zote mbili. Wawili hutazamana, wenzao wakiimba na kupiga makofi. Huruka pamoja, kisha kila mmoja hutoa mguu kwa ghafla, na alama hutolewa kwa kutazama miguu iliyokutana. Hapo pana mruko, usawa wa mwili, sikio la kusikia mapigo, na akili ya kukisia nia ya mwenzako. Wengi waliudharau kama upuuzi wa watoto. Kumbe, mwaka 2015 ulionyeshwa Brazzaville katika Michezo ya Afrika.

Akina mama, hapa nina neno nanyi. Mara nyingi binti akianza kurukaruka huambiwa: « Acha utoto, chukua ndoo. » Kazi ya nyumbani ni njema, na kaka yake naye aijue. Lakini kubeba ndoo ni mwendo mmoja tu, tena mzito. Mwili wa binti wahitaji kukimbia na kuruka sawa na wa kaka yake.

Shirika la Afya Duniani, katika maagizo yake ya mwaka 2020, lataka kila mtoto wa miaka 5 hadi 17 autumikishe mwili wake kwa nguvu ya kadiri au zaidi, angalau dakika 60 kila siku, kwa wastani. Hazihitaji fedha. Zahitaji kiwanja kisicho na vipande vya chupa, kamba, wenzake, na mzazi asiyenung'unika akiona vumbi kwenye nguo.

Basi, baba mwenye haraka, kijana wako akikuambia leo kwamba goti linamwuma, umsadiki. Mpumzishe, na maumivu yasipopungua mpeleke kwa mganga wa zahanati. Akipona, mrudishe uwanjani. Lakini umwachie na mwembe wake pia.