Mtoto wa Mwanajeshi Ahudumiwe Nje ya Lango la Kambi

Nanyuki ni mji wa wanajeshi. Kambi ya jeshi la anga ya Laikipia iko hapo. Wanajeshi wa Uingereza wamekuwa wakifanya mazoezi katika eneo hilo tangu miaka ya mwanzo ya uhuru, na ukiteremka hadi Isiolo utakuta Chuo cha Askari wa Miguu. Maduka, nyumba za kupangisha na bodaboda za hapa hutegemea sana mishahara ya wavaa magwanda. Lakini mwanajeshi huyohuyo akijaliwa mtoto mwenye usonji, mji huo hauna mengi ya kumpa.

Nani awajibike kwa mtoto huyo? Ni Wizara ya Ulinzi, inayomtuma mzazi wake kokote inakotaka, au ni serikali ya kaunti, ambayo tangu 2013 ndiyo inayoendesha hospitali za umma? Wapo wanaopendekeza jeshi lijenge vituo vyake lenyewe ndani ya kambi. Naelewa kinachowasukuma kusema hivyo, lakini siafiki.

Watoto wengi wenye usonji hutulia siku zinapofanana: nyumba ileile, mwalimu yuleyule, njia ileile ya kwenda shuleni. Maisha ya jeshi hayatoi nafasi hiyo. Barua ya uhamisho ikija, familia hufunga virago, na mwalimu aliyechukua muda mrefu kuzoeleka huachwa nyuma. Tangu Oktoba 2011, Kenya ilipoingia Somalia, maelfu ya wazazi wamekwenda huko kwa zamu ndefu. Mtoto ambaye hajapata maneno ya kuuliza baba yuko wapi huuliza kwa mwili wake: halali, hali, anajigonga kichwa ukutani. Mama anayebaki naye hubeba yote peke yake, na ikiwa yeye ndiye mwanajeshi, mzigo unamwangukia nyanya, cucu, kule Othaya au Mukurwe-ini.

Kelele nazo ni adha nyingine. Ndege za kivita aina ya F-5 zinaporuka kutoka Laikipia, watu wa Nanyuki hutazama juu kidogo kisha wanaendelea na shughuli zao. Kwa mtoto ambaye masikio yake hupokea sauti kwa ukali kupita kiasi, mngurumo huo ni maumivu. Atajificha chini ya meza mikono masikioni, na huenda asubuhi yote ya masomo ikapotelea hapo.

Eneo hili halikukosa moyo wa kuwasaidia watoto wenye ulemavu. Tumutumu, karibu na Karatina, pana shule ya viziwi iliyoanzishwa na Kanisa la PCEA. Kerugoya pia ina shule ya viziwi, na Igoji kule Meru iko St. Lucy's ya vipofu. Wazazi wanazijua kwa majina, na chifu yeyote anaweza kukuelekeza. Usonji haujapata Tumutumu yake. Hata sensa ya 2019 iliuliza kuhusu kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia na kuwasiliana, lakini haikuupa usonji nafasi yake. Mtoto asiyehesabiwa ni vigumu kumpangia bajeti.

Basi familia huanza na ushauri wa jamaa. Mmoja atasema ataongea tu, hata babake alichelewa. Mwingine atanong'ona habari za kirumi, laana ya wazee, na mama ataanza kupelekwa kwenye maombi badala ya hospitali. Hapo ndipo miaka ya thamani hupotea, kwa sababu tiba ya usemi na mafunzo ya shughuli za kila siku husaidia zaidi yakianza mapema.

Anayeamua kutafuta wataalamu, mara nyingi huishia Nairobi. Kituo cha tathmini cha KISE, taasisi ya taifa ya elimu maalumu, kiko Kasarani. Kitengo cha usonji cha City Primary, kilichofungua njia kwa shule za umma, kiko Ngara. Hospitali kuu ya wanajeshi iko Barabara ya Mbagathi. Kutoka Nanyuki ni takriban kilomita 200. Mama hupanda matatu kabla hakujapambazuka, mtoto akae dirishani, maana akikaa kwingine hakutakuwa na safari. Pale Makutano wachuuzi wanasukuma ndizi na njugu dirishani, mtoto anapiga mayowe, abiria wanageuka na kumkodolea mama macho kana kwamba hajui kulea. Wakifika, mtaalamu anampima mtoto aliyechoka na kuogopa, kisha anaandika alichokiona. Faili hiyo ndiyo itakayoamua shule yake.

Sasa turudi kwa wale wanaotaka vituo vya kambini. Hoja yao ina uzito. Jeshi lina nidhamu ya matumizi, na haliathiriwi na migomo inayozikumba hospitali za kaunti. Mgomo wa madaktari ulioanza Desemba 2016 ulidumu siku 100. Wa 2024 ulikaribia miezi miwili. Mtoto aliyeanza kutamka silabi zake za kwanza hawezi kusubiri hivyo.

Lakini mwanajeshi hustaafu mapema kuliko karani wa wizara, na usonji haustaafu. Siku anapotoka jeshini anakabidhi nyumba, naye mtoto wake, huenda akiwa na miaka 15, anapoteza kituo pekee anachokizoea. Na kuna kutoka kwingine kusikopangwa. Tangu Al-Shabaab waliposhambulia kambi ya wanajeshi wa Kenya huko El Adde, Somalia, Januari 2016, hakuna haja ya kuwaeleza Wakenya jinsi familia inavyoweza kubaki nje ya kambi ghafla. Isitoshe, familia nyingi zimepanga mjini, mitaa ya Likii na Thingithu, wala haziishi ndani ya ua. Tena wataalamu wenyewe ni wachache. Ukimfungia mmoja kambini, umemnyang'anya mtoto wa muuza mboga aliye nje ya ua.

Kwa hiyo jeshi liajiri wataalamu wa usemi na wa shughuli za kila siku, liwalipe lenyewe, kisha liwaweke katika hospitali za rufaa za Nanyuki na Nyeri wawahudumie watoto wote. Mshahara wao hautasimama wafanyakazi wa kaunti wakigoma, na mzazi akistaafu mtoto ataendelea kumwona mtu yuleyule katika chumba kilekile.

Kuna jambo ambalo ni jeshi pekee linaloweza kulifanya: kuzingatia mtoto kabla ya kuandika uhamisho. Jeshi la Marekani lina mpango wa namna hiyo, EFMP, ambapo mwanajeshi mwenye jamaa wa mahitaji maalumu huandikishwa ili asipelekwe na familia yake mahali pasipo na huduma. Hauna ukamilifu. Wakaguzi wa Bunge la nchi hiyo walieleza mwaka 2018 kwamba msaada hutofautiana sana kati ya matawi ya jeshi. Kasoro hiyo itufunze kuweka kanuni moja kwa matawi yote na kuilinda siri ya familia, kwa maana mwanajeshi akishuku kwamba kumwandikisha mwanawe kutamkosesha cheo, atamficha.

Serikali ina fedha za Inua Jamii kwa walio na ulemavu mkubwa, Sh2,000 kwa mwezi, lakini zinalenga kaya maskini. Mwanajeshi mwenye mshahara hazitamfikia, na hata zingemfikia hazingetosha kumlipa mwalimu msaidizi wa kukaa na mtoto darasani. Kifungu cha 54 cha Katiba kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia taasisi za elimu zilizojumuishwa katika jamii, kadiri inavyofaa kwa maslahi yake. Haki hiyo haibadiliki kwa sababu mzazi amehamishwa kutoka Mombasa hadi Laikipia.

Mzazi aliye Nyeri au Nanyuki leo asisubiri sera. Ampeleke mtoto kwenye kituo cha tathmini ya elimu, EARC, kilicho karibu, aombe tathmini ya ulemavu katika hospitali ya umma, kisha amsajili katika Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Usajili huo wa kitaifa utamfuata mtoto popote mzazi atakapohamishiwa. Nao muungano wa wake za wanajeshi, MWAK, ulioko karibu na wakuu wa jeshi kuliko mbunge yeyote, uifikishe hoja ya uhamisho mezani pao kabla ya zamu nyingine ya Somalia kupangwa.