Kisiki cha leleshwa kabla hakijawa makaa

Wajapani wana sanaa ambayo wazee wa barazani kwetu wangeicheka. Mtu huiendea azalia kongwe ya bustanini, iliyokwisha kuhukumiwa kung'olewa, akaikata matawi, akaifukua na mizizi yake, akaitia katika sinia la udongo. Baada ya miaka huwa na mti wa dhiraa moja, shina nene kama la mbuyu mkongwe. Huo ndio bonsai. Azalia huchaguliwa kwa kuwa mizizi yake ni myembamba na haizami mbali, na hata ikibaki gogo tupu huchipua tena.

Nayaleta haya kwa ajili ya Kikopey. Msomaji wa pwani aliyepata kwenda Nakuru anapajua: ukishapita Gilgil, juu ya ziwa Elementaita, penye moshi wa mbuzi wa kuchoma. Ile ni nchi ya leleshwa, kichaka cha jani la kijivu, jeupe upande wa chini, linukialo kafuri. Wamasai hulitia kwapani kwa ajili ya harufu yake, kama mabibi zetu wanavyotia rihani katika kikuba. Basi mwenye kununua kiwanja hutangulia kukifyeka. Kisiki huishia tanurini, maana makaa yake yanasifika. Mwenye nyumba kisha hutamani maua ya kigeni. Akinunua azalia, ajue kwamba ua hilo lataka udongo mchachu, naye yu jirani wa ziwa la magadi!

Kwa nini asikitazame kwanza kisiki alicho nacho? Leleshwa nalo likikatwa huchipua kisikini, na upepo na meno ya mbuzi yamekwisha kulisokota kwa namna ambayo fundi wa Kijapani angeitolea jasho miaka ishirini.

Watasema wenzangu kwamba kuuzuia mti usikue ni kuutesa, na ni kugeuza alivyoumba Mola. La hasha. Bonsai si mbegu nyingine. Uurudishe ardhini nao utakua kama ndugu zake. Sisi wenyewe twapogoa asmini, twakata mihina ikawa ua wa nyumba, wala hapana shekhe aliyetukemea. Mateso ni kuusahau sinia siku tatu za jua kali bila maji.

Mpaka upo, lakini. Kisiki cha kiwanjani kwako, au ulichopewa na mwenyewe kabla ya kufyekwa, ni halali yako. Cha porini kilicho hai, kisichodaiwa na jembe la mtu, kiache. Elementaita na maziwa wenzake yaliingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2011, na heroe wake si mali ya mwenye gari na sepetu. Sisi wa pwani tumekwisha kuonja uchungu huo: mwaka 2022, kule Kilifi, mibuyu iling'olewa ili ipelekwe Georgia, hata Rais William Ruto akaamuru vibali vichunguzwe. Wenye mashamba walilipwa, ndiyo, na shida zao nazijua. Lakini mbuyu una majirani wengi kuliko mwenye hati.

Tena atakayefukua ajue amejitwika amana. Msonobari mmoja wa ukoo wa Yamaki wa Hiroshima umelelewa chomboni tangu 1625. Bomu la 1945 liliukuta ukutani mwa bustani, ukasalimika, na mwaka 1976 ukoo huo ukautoa zawadi kwa Marekani, kwa wale wale waliolitupa bomu. Hebu hesabu ni mikono mingapi imeumwagilia maji.

Kazi yenyewe ifanywe kabla ya masika, kiasi cha Machi. Chimba duara pana, usikate mizizi midogo, punguza matawi. Usinunue mchanga: Bonde la Ufa limejaa vijiwe vyepesi vya volkano, vyenye vitundu, vinavyoelea majini, na hivyo havituamishi maji mizizini. Weka kivulini, nyunyiza, ngoja. Vingine vitakufa. Hivyo ndivyo vya kumpa mchoma mbuzi.