Jarida la Magari Ambalo Usambara Haikulipata

Gari linalokwenda Amani kutokea Muheza hupita Sigi, penye lango la hifadhi ya mazingira asilia, na hapo ndipo mlima unapoanza kulidai. Kona inafuatwa na kona, mawe yanagonga difu, na masika yakishika, udongo mwekundu haumwoni haya mwenye tairi kipara. Upande wa pili, Usambara ya Magharibi, barabara ya Mombo hadi Lushoto ina lami na urefu wa kilomita 33 tu, lakini ndani ya kilomita hizo gari hupanda karibu mita 1,000. Madereva wa njia hizi wanajua mambo ambayo hayamo katika kitabu cha mtengenezaji: wapi pa kubadili gia kabla mlima haujakukamata, kwa nini anayeteremka Soni na shehena ya kabichi hushuka kwa gia na si kwa breki, injini ipi huchemsha mapema na ipi huvumilia. Ujuzi huo umo vichwani na vidoleni mwao. Kwenye karatasi haumo.

Haumo kwa sababu jarida la magari la Kiswahili halikuwahi kuota mizizi. Na sasa hata huko yalikoota, majarida ya aina hiyo yanang'olewa moja baada ya jingine.

Desemba 2019, kampuni ya Marekani iliyokuwa ikichapisha Motor Trend na Hot Rod ilitangaza kwa mkupuo mmoja kwamba inafunga majarida 19 ya karatasi kati ya 22 iliyokuwa nayo. Liliondoka Automobile, lililoanzishwa 1986. Likaondoka Car Craft, na Lowrider pia, la wapenzi wa magari yaliyoshushwa mpaka tumbo linakaribia lami. Hot Rod lilinusurika. Hilo lilianza Januari 1948, mwanzilishi wake Robert Petersen akiliuza kwenye maonyesho ya magari mjini Los Angeles. Uingereza nako, Max Power, lililowalea vijana wa kupamba magari tangu 1993, lilizikwa 2011. Ujerumani, chama cha madereva cha ADAC kilizoea kuwapelekea mamilioni ya wanachama wake jarida la Motorwelt mpaka mlangoni. Tangu 2020 jarida hilo hutoka mara nne tu kwa mwaka, na anayelitaka alifuate dukani.

Lawama hutupiwa wasomaji, kwamba watu wameacha kusoma. Hiyo ni nusu ya habari. Jarida la magari halikuishi kwa bei ya nakala peke yake. Liliishi kwa matangazo, yakiwemo yale madogo ya kurasa za mwisho, mtu anauza giaboksi, mwingine anatafuta mlango wa kushoto wa Volkswagen. Tazama kilichotokea kwa Auto Trader ya Uingereza, gazeti la magari ya kuuzwa: mwaka 2013 liliacha karatasi kabisa, likabaki la mtandaoni tu. Biashara haikufa. Iliendelea kunenepa. Aliyekufa njaa ni mhariri, ambaye mshahara wake ulikuwa ukilipwa na yule muuza giaboksi.

Afrika Mashariki haikukosa cha kuandika. Mbio za magari za Safari zilianza 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, na kwa miaka mingi zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, milima ya Usambara ikiwa miongoni mwa sehemu zilizowatoa madereva jasho. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka. Yaliyofika mwisho ni saba. Mwaka 1968 yakafika saba tena, na mshindi akawa yuleyule, Nick Nowicki akiwa na Paddy Cliff, na gari lilelile, Peugeot 404. Katikati ya miaka hiyo miwili yupo mtu ambaye Tanzania ilipaswa kumkumbuka zaidi. Bert Shankland, mzaliwa wa Scotland na mkazi wa Dar es Salaam, alishinda 1966, akashinda tena 1967, naye pia kwa Peugeot 404. Si ajabu Peugeot ikapata jina la gari la shoka katika nchi hizi.

Kijana wa Lushoto anayetaka kujua babu zake walisimama kando ya barabara kutazama nini, atasoma wapi? Atasoma kwa Kiingereza. Motor Sport, jarida la Uingereza lililoanza 1924, limeweka hazina ya matoleo yake ya zamani mtandaoni, na taarifa za Safari zimo humo, zimeandikwa na watu waliokuja kwa wiki chache za Pasaka na kuondoka. Waliyoyaona waliyaandika vizuri. Lakini fundi aliyefungua ekseli usiku kwa taa ya chemli hakuwa msomaji wao, wala hawakumwandikia yeye.

Kwa nini hapakutokea jarida la hapa? Sababu kubwa ni historia ya gari lenyewe. Katika miaka ya uchumi kubana, mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, gari binafsi Tanzania lilikuwa kitu adimu, mafuta yalikuwa ya kuhesabiwa, na Jumapili alasiri magari binafsi yalikatazwa kutembea barabarani. Mapenzi ya magari huhitaji alasiri ya Jumapili. Huwezi kuwa na jarida la mapumziko mahali ambapo mapumziko yenyewe yamewekewa amri. Hata hivyo nchi hiyohiyo, katika dhiki hiyohiyo, ilithubutu kubuni gari lake, Nyumbu, kule Kibaha. Injini yake ilikuwaje, chasisi ilichomelewaje, lilishindwa wapi na kufaulu wapi: hizo ni habari ambazo jarida la magari lingezitafuna miaka kumi. Leo wengi wanaolijua jina hilo hawajui zaidi ya jina.

Kisha milango ya biashara ikafunguliwa, na baada ya muda Japani ikamimina magari yake yaliyotumika. Noah, IST, Hiace, Prado. Mtu ambaye baba yake hakuwahi kumiliki hata pikipiki akajikuta na gari lenye maandishi ya Kijapani kwenye dashibodi. Kwa mara ya kwanza palikuwa na umma wa wenye magari waliohitaji kusoma, tena kwa Kiswahili: mafuta ya giaboksi ya otomatiki yabadilishwe lini, taa hii ya njano maana yake nini, gari la mji wa Osaka litapandaje Bumbuli. Wasomaji wakapatikana wakati karatasi imeshaanza kufunga virago.

Asiseme mtu kwamba Kiswahili hakiwezi, au kwamba Tanga ni mbali na mitambo ya kuchapa. Ukulima wa Kisasa, jarida la wizara ya kilimo, lilimfundisha mkulima mambo ya mbolea na mbegu kwa lugha yake. Sani, jarida la katuni, lilichorwa, likachekesha, likagombaniwa. Tanga ilikuwa na Kiongozi, gazeti la Kiswahili la shule ya serikali, tangu enzi za Wajerumani. Soni, katikati ya barabara hiyohiyo ya Lushoto, jina la uchapaji wa Kilutheri wa Vuga linafahamika kwa kila aliyeshika vitabu vya dini vya zamani. Na hapo juu ya Sigi, taasisi ya utafiti wa mimea ya Amani, iliyoanzishwa 1902, ilikuwa nguzo ya jarida la walowezi wenye mashamba, Der Pflanzer, lililoanza 1905. Jarida la kahawa na katani lilipata waandishi kwenye msitu ambao wakati huo ulifikiwa kwa kireli chembamba kutoka Tengeni, kilichojengwa kwa ajili ya mbao na ambacho leo hakipo.

Mfano unaouma zaidi ni wa ua. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, aliokota Usambara mmea mdogo wa maua ya zambarau, ukaitwa Saintpaulia kwa jina lake. Wamarekani wakaupenda, wakaufuga madirishani, wakaunda chama 1946 na kutoa jarida lao la kukuza ua hilo. Miongoni mwa aina za asili ambazo wafugaji wa ua hilo wanaziorodhesha na kubadilishana mpaka leo, zimo zenye majina ya maporomoko ya Sigi na nyumba ya Amani. Yaani bibi wa Ohio ambaye hajawahi kukanyaga Muheza anaweza kulitaja Sigi kwa usahihi kwa sababu wapenzi wenzake wa ua hilo waliandika, wakahariri, wakahifadhi. Anayepeleka gari Sigi kila siku hana maandishi ya aina hiyo. Hiyo ndiyo kazi ya jarida la mapenzi ya jambo fulani, na kazi hiyo haina uhusiano na picha za kung'aa.

Watetezi wa simu wana hoja nzito, na haifai kuipuuza. Video inamwonyesha fundi mkono unavyozungusha spana, jambo ambalo mchoro haukuweza. Sauti ya injini inayogonga inatumwa kwa WhatsApp kutoka Mlalo, na kabla chai haijapoa jibu limerudi kutoka gereji ya Ilala: shusha injini, biringi imekwisha. Bure. Majarida ya zamani yalikuwa ghali, ya Kiingereza, yalifika Dar es Salaam yakiwa yamepitwa na miezi, na kusema kweli mengi yalilisifia kila gari ambalo mtengenezaji wake alinunua tangazo la jalada la nyuma. Karatasi haikuwa malaika.

Lakini jibu la WhatsApp linakufa na simu. Halina tarehe ambayo mtu wa pili ataiona, halina anayelisahihisha likiwa potofu, na mara nyingi mtoa ushauri ndiye muuza spea. Swali lilelile la Noah inayochemsha mlimani huulizwa upya kila wiki kana kwamba hakuna aliyewahi kulijibu. Hata pale mazungumzo yanapohifadhiwa mahali pamoja, ghala hilo lina funguo mikononi mwa wengine. JamiiForums, ambako Watanzania hujadili magari kama wanavyojadili siasa, ilizimwa kwa muda Juni 2018 kwa sababu ya kanuni mpya za maudhui ya mtandaoni, na Septemba 2025 leseni yake ilisimamishwa kwa siku 90. Ugomvi haukuwa wa magari. Mwenye gari lililoharibika akapoteza maktaba yake vilevile.

Ushahidi kwamba mapenzi yapo ulionekana Arusha Oktoba 2024, Land Rover zilipojazana mjini katika tamasha lililokusudia kuivunja rekodi ya Ujerumani ya msafara wa magari 632, iliyowekwa 2018. Zilikuja za kila umri, za modeli ya 109 zilizochoka na za modeli ya 110 zilizopakwa rangi upya. Zikapigwa picha, zikarudi makwao. Jarida lingewashika wenye magari hayo mmoja mmoja na kuwauliza maswali ya kuchosha: mwaka gani, nani alikuwa nalo kwanza, misheni au halmashauri, injini ya asili ilitolewa lini na iliyopo ni ya Isuzu au ya Toyota, vikalio vya injini vilichongwa na nani. Majibu hayo yangekuwa historia ya usafiri wa vijijini ambayo hakuna chuo kilichoiandika.

Kenya walipata njia ya katikati. Daily Nation limekuwa na safu ya Baraza JM, ambamo wasomaji hupeleka maswali ya magari yao na kujibiwa kwa majina ya mifano, kwa hesabu, na mara nyingi kwa kejeli. Safu hiyo ilionyesha kwamba gazeti la kawaida linaweza kuubeba mzigo wa jarida lisilokuwepo, mradi kuna mwandishi anayejua anachosema na asiyemwogopa muuzaji. Magazeti ya Kiswahili yana kurasa nzima za soka la Ulaya kila siku. Ukurasa mmoja kwa wiki wa magari yanayotembea Tanzania hauwezi kuyafilisi, na wauza spea wa Gerezani wangekuwa wa kwanza kuulizia bei ya tangazo.

Baadaye kurasa hizo zingekusanywa mara mbili au nne kwa mwaka kuwa toleo la kushika mkononi, karatasi ya kawaida isiyoogopa vidole vya grisi, liuzwe gereji na vituo vya mafuta badala ya kwenye maduka ya vitabu, na nakala ziende vyuo vya ufundi vya VETA na Maktaba Kuu. Jalada la kung'aa si lazima, wala gari la mbio ambalo hakuna msomaji atakayelinunua. Toleo la kwanza lingeanza na jaribio moja tu la breki: pedi zinazouzwa sasa madukani, nne au tano, zifungwe kwenye gari la aina moja lenye mzigo uleule wa viazi na kushushwa Soni hadi Mombo, mtu akipima joto la ngoma na diski kila kona kubwa. Matokeo yachapwe kwa majina ya bidhaa na bei zake, na muuzaji asiyeridhika apewe nafasi ya barua yake katika toleo linalofuata.