Kabla hujampa boda mzigo, angalia taa ya nyuma

Wauzaji wenzangu, leo siongelei picha za bidhaa wala namna ya kujibu wateja. Naongelea taa.

Mwaka jana nilipata oda ya dumu mbili za mafuta ya alizeti, za kwenda Dodoma. Mteja alitaka zipande basi la kwanza. Saa kumi alfajiri nikampigia boda wangu: "Fanya haraka dogo, basi litatuacha." Taa yake ya nyuma ilikuwa imekufa wiki kadhaa na mimi nilikuwa najua. Kila siku tunasema tutaitengeneza.

Stendi ya Misuna hakufika. Lori lililotoka mbele lilikuwa limewasha full, kenta iliyokuwa nyuma yake ikapofuka, ikamgonga. Dereva wa kenta alisema, "Sikumwona kabisa." Watu walimtukana, lakini mimi nilimwamini. Angemwonaje?

Mafuta yalimwagika, mteja nikamrudishia hela yake. Mguu wa dogo ndio sijui naurudishaje.

Jamani, barabara yetu ya Dodoma, Singida hadi Nzega ndiyo njia ya malori ya Rwanda, Burundi na Congo. Usiku mzima yanapita. Huyu hashushi taa mkikutana, yule lori limemharibikia ameweka matawi ya miti tu na hazadi hajawasha. Guta halina hata reflekta. Boda naye kafunga taa za mbele kali kama za uwanja wa mpira, huku nyuma ni giza. Kila mtu anataka kuona, kuonekana hajali.

Tunapenda kuwalaumu madereva na trafiki. Sheria ya Usalama Barabarani ipo tangu 1973, sawa. Lakini saa kumi alfajiri trafiki hayupo pale nyumbani kwako. Uliyepo ni wewe unayekabidhi mzigo, na wewe ndiye unayemharakisha. Kwa maoni yangu, muuzaji anayempa mzigo boda asiye na taa ana sehemu yake kwenye ajali.

Mimi sasa nafanya hivi:

1. Kabla ya kufunga mzigo, boda anawasha taa zote, anakanyaga breki, anajaribu indiketa. Dakika moja tu.
2. Mzigo haufuniki taa ya nyuma. Hili wengi tunalisahau, unakuta kiroba kimening'inia mpaka kwenye plate namba.
3. Balbu ikiungua nanunua mimi, tunakatana kwenye nauli. Bei yake haifikii hata dumu moja la mafuta.
4. Mteja namwambia mapema: oda ya usiku sana itapanda basi la mchana.
5. Boda wangu anajua akikutana na full asikaze macho kwenye ile taa. Apunguze mwendo, aangalie ukingo wa kushoto wa barabara.

Kuna mteja mmoja alikasirika kuchelewa, akahama. Aende tu. Mteja mwingine nitampata.

Kesho alfajiri ukimwita boda wako, zunguka nyuma ya pikipiki kwanza.