Mabango ya bei yanatuchanganya



Naomba nafasi nitoe kero ya mabango ya bei huku kwetu Kasulu na Kibondo. Bango la maharage linasema "2,500/=" tu; ukikaribia unaambiwa hiyo ni bei ya kopo, si ya kilo. La mbolea lina "KGS.50 @ 70000/=", na muuza mawese kaandika "Ltr1=5000". Kila mtu na mwandiko wake.

Utaratibu upo. Alama ya kilo ni kg, herufi ndogo zote mbili, bila nukta na bila "s" hata magunia yawe mia. K kubwa ni ya kelvini, kipimo cha joto. Tarakimu hutangulia, huachwa nafasi, ndipo alama: 50 kg. Lita ina hiari ya l au L. Mimi nachagua kubwa, maana ndogo ikiandikwa kwa mkono utaidhania 1.

Kwenye shilingi, Sh ndiyo itangulie: Sh 2,500/kg. Mkwaju hapo husomeka "kwa". Tatizo ni ile /= ya enzi za mkoloni, wakati Sh 2/50 ilikuwa shilingi mbili na senti hamsini, na /= ikionyesha kwamba senti hakuna. Senti zimetoweka mifukoni, alama imebaki, na sasa tunaandikiwa "2,500/=/kg". Mkwaju upi ni wa bei, upi wa kipimo? Tena huku mpakani, ambako faranga ya Burundi nayo hutajwa sokoni, tarakimu isiyo na Sh ni mwanya wa ubishi.

Kinachoniudhi zaidi ni mabango ya miradi ya umma: "Bomba M 800, gharama 12M". M ya kwanza ni mita, ya pili milioni! Mita ni m ndogo, na milioni iandikwe kwa neno zima, rangi haitaisha. (Kwenye duka la dawa za mifugo nako nimekuta "Mil. 500", kumbe ni mililita. Nilitaka kukimbia.)

Wakala wa Vipimo huhakiki mizani kila mwaka na kubandika stika. Maofisa wakishamaliza na mizani, wainue macho walisome na bango lililo juu yake, na lisilotaja bei kwa kilo au kwa lita liandikwe upya siku hiyohiyo. Halmashauri zetu nazo zianze na mabango yao zenyewe, kabla ya kumgusa mama muuza maharage.

Mkulima,
Kasulu