Jalada Lisomeke Hata Bila Rangi

Mwalimu mmoja mstaafu wa Kahuro, katika Kaunti ya Murang'a, alinionyesha kitabu chake kipya cha hadithi za Kikuyu. Si kitabu cha karatasi, bali cha kielektroniki. Kwenye kompyuta jalada lilipendeza: jina jekundu juu ya majani ya chai. Alipokifungua kwenye kifaa cha kusomea cha aina ya Kindle, jina halikuonekana kabisa. Mzee alidhani kifaa kimeharibika. La hasha! Kosa lilikuwa la aliyelibuni jalada.

Skrini za vifaa hivyo aghalabu huonyesha viwango 16 tu vya kijivu. Hazibagui wekundu na kijani. Hubagua mwanga na giza. Itazame bendera yetu ya taifa: ukiiondolea rangi, nyekundu na kijani hugeuka kijivu kinachokaribiana mno. Manjano nayo huyeyuka ndani ya weupe.

Wapo watakaosema kwamba wengi wetu husomea simuni, zenye rangi tele. Ni kweli. Hata hivyo, shirika la Worldreader limepeleka Kindle katika shule za Kenya, na mtoto aliyepewa kifaa hicho huchagua kitabu kwa kutazama majalada. Asichoweza kukisoma jina atakiruka, achukue cha ng'ambo. Hivyo ndivyo mwandishi wa kwetu anavyompoteza msomaji.

Kiswahili kinaweza kumfunza mbunifu. Vivumishi vyetu asilia vya rangi ni vitatu: -eusi, -eupe na -ekundu. Kijani tulikitoa kwenye jani, kijivu kwenye jivu, na manjano ni kile kiungo cha jikoni. Berlin na Kay walidai mwaka 1969 kwamba lugha yenye maneno mawili tu ya rangi huwa na la weusi na la weupe. Mbunifu naye na aanzie hapo, rangi zifuate.

Kwa Kikuyu kuna shida zaidi. Lugha hiyo ina irabu saba, na ni vialama vidogo vinavyotenganisha ĩ na i, ũ na u. Jalada likipunguzwa hadi ukubwa wa stempu, vialama hivyo ndivyo hupotea kwanza, na neno likasomwa visivyo. Herufi na ziwe nene, maneno machache.

Mwalimu wetu ameagiza jalada jipya: herufi nyeupe juu ya mlima mweusi. Kabla ya kulikubali, tulilipitisha kwenye mashine ya kutoa nakala karibu na kituo cha matatu mjini Murang'a. Jina lilisomeka hadi upande wa pili wa kaunta.