Bwana Bono na Kodi ya Wenzake



Sisi tunaoishi kwa mshahara hatuulizwi. Kabla karani hajaandika kile tutakachopeleka nyumbani, PAYE imekwisha kukatwa, na NSSF, na SHIF 2.75 kwa mia, na ada ya nyumba 1.5 kwa mia. Hakuna mtu wa reli, awe fundi wa karakana, gadi au kibarua wa njia, awezaye kuuhamisha mshahara wake kwenda Uholanzi kwa kuwa kodi ya huko ni nyepesi. Twaanza na hilo ili ijulikane tumesimama wapi tunapomtaja Bwana Bono.

Bono ni mwimbaji wa Ireland, wa bendi ya U2, na kwa miaka mingi amewaendea marais na mawaziri wakuu kuwaombea maskini wa Afrika. Hatusemi kazi hiyo ni bure. Mwaka 2005, baada ya kampeni na matamasha ya Live 8, wakubwa wa nchi nane walikutana Gleneagles, Scotland, wakakubali kufuta madeni mengi ya nchi maskini. Ndugu zetu wa Tanzania na Uganda walifutiwa, Kenya haikuwamo. Na mpango wa RED, aliouanzisha na mwenzake mwaka 2006, umepeleka mamia ya mamilioni ya dola kupigana na UKIMWI. Wako watu wanaopumua leo kwa sababu ya dawa zile. Mwenye kuyakana haya anasema uongo.

Lakini tuulize: fedha alizokuwa akiwaomba wakubwa zilikuwa za nani? Kampeni ile ilitaka kila serikali tajiri itoe msaada wa 0.7 kwa mia ya pato la taifa. Serikali haina shamba wala ng'ombe. Fedha yake ni kodi ya muuguzi wa Dublin, ya dereva wa basi wa Cork, ya watu kama sisi. Bono aliwaomba hao watuchangie. Yeye je?

Tangu mwaka 1969 sheria ya Ireland iliwasamehe watunzi kodi ya mapato kwa kazi zao za utunzi, hata aliyekuwa na mamilioni. Mwishoni mwa 2005 serikali ikatangaza kwamba kuanzia 2007 msamaha huo utakoma kwenye euro 250,000 kwa mwaka. Cha juu yake kitozwe kama cha mtu mwingine yeyote. Euro 250,000, ndugu, bila kodi! Hata hivyo haikutosha. Mwaka 2006 U2 wakahamisha biashara ya haki za nyimbo zao kwenda Uholanzi, ambako mapato ya namna hiyo yalitozwa kidogo sana. Ulikuwa umepita mwaka mmoja tu tangu Live 8.

Walipoulizwa, wakajibu kwamba hawakuvunja sheria. Ni kweli, hawakuvunja. Wakasema sehemu kubwa ya mapato yao hutoka nje ya Ireland, nao hulipa kodi katika nchi nyingi, tena Ireland yenyewe huyavuta makampuni ya kigeni kwa kodi ndogo. Hili la mwisho ni hoja ya kuilaumu Ireland, si ya kuiga mfano wake. Sisi wa reli twamjua abiria wa namna hii. Yumo daraja la kwanza na pasi mfukoni, halali kabisa, naye anasimama kuwahutubia wa daraja la tatu juu ya wajibu wa kulipa nauli.

Kisha taabu ikaja. Benki za Ireland zilianguka mwaka 2008, na mwaka 2010 nchi ikalazimika kukopa kwa Umoja wa Ulaya na IMF. Mishahara ya walimu na wauguzi ilipunguzwa, na mwaka 2011 wafanyakazi wakaongezewa kodi mpya juu ya mapato yao. Hao hawakuwa na Uholanzi ya kukimbilia. Mwaka huohuo wa 2011, U2 walipopiga muziki Glastonbury, Uingereza, wapinzani waliinua puto kubwa lenye maandishi ya kuwataka walipe kodi. Walinzi wakalishusha.

Wako watakaosema: mtu akitoa sadaka kubwa, kodi ya nini tena? Hapa ndipo tunapogombana nao. Mwenye kutoa sadaka huchagua mwenyewe: nani apewe, lini, na picha ipigwe wapi. Kodi huamuliwa na watu wote kwa kura, ndiyo ijengayo hospitali ya mahali ambapo hakuna mpiga picha atakayefika. Nasi tunawajua wa kwetu. Yuko tajiri mmoja aliyeleta hundi kubwa kwenye harambee ya shule, tukampigia makofi, na huku vibarua wake walikuwa wakikatwa fedha za NSSF ambazo hazikuwahi kufikishwa. Sisi tukimchangia mwenzetu aliyefiwa, karani hushika daftari na basi.

Bono si mkosaji mkubwa kuliko wote, bali ndiye aliyesema kwa jina letu. Shirika lake la ONE lilitoa ripoti mwaka 2014 likilaumu fedha zinazotoroshwa kutoka nchi maskini. Mwaka 2017 karatasi za Paradise Papers zikaonyesha kwamba yeye mwenyewe alikuwa na hisa katika kampuni ya Malta iliyonunua jumba la maduka mjini Utena, Lithuania. Alisema angesikitika kama lipo kosa. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 2015, kamati ya Thabo Mbeki ilikadiria kwamba Afrika hupoteza zaidi ya dola bilioni 50 kila mwaka kwa fedha zinazotolewa kinyume cha haki, nyingi zikiwa ni hila za makampuni katika biashara na kodi.

Mnamo Novemba 2023 nchi za Afrika zilipeleka azimio Umoja wa Mataifa, New York, ili uandaliwe mkataba wa kodi wa dunia nzima. Nchi 125 zilikubali, 48 zikakataa. Katika hizo 48 zilikuwamo Marekani, Uingereza, Uholanzi na Ireland. Siku ile hatukusikia tamasha lolote.